Vitunguu Vilikuwa Vizima

Nilikuwa nimekishika kitunguu cha mwisho, nimekipasua katikati, nakinusa, wakati mdogo wangu alipowasha jiko ndani ya nyumba. Kilikuwa kizima. Cheupe pe, kimejaa maji, hakina doa hata moja. Nakumbuka nilianza kusema, "Sasa hii harufu ni ya nini?" Sikumaliza.

Mlipuko sikuusikia. Watu wanasema ulisikika mpaka kule viwandani ng'ambo ya barabara, lakini mimi niliyekuwa hatua kumi kutoka mlangoni mwangu sikusikia kitu. Niliona tu mlango wa chuma umeng'oka, unapaa angani kama karatasi. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ukuta wa tangi la maji, karibu na mfereji, na ukuta huo ndio ulionificha. Beseni lilipinduka. Vitunguu vikamwagika uani.

Halafu mdogo wangu akatoka akitembea. Hapo ndipo watu hawaniamini nikiwasimulia. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, mwiko bado uko mkononi, nywele hana, akaja mpaka pale mferejini akasimama mbele yangu. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Dada, ulikipata?"

Alikuwa anauliza kitunguu kibovu. Tulikuwa tumekitafuta wiki tatu.

Nilimvua lile dera la nailoni lililokuwa linamgandia mwilini, na mikono yangu iliungua hapo. Mpaka leo kidole kidogo cha kulia hakikunjiki. Lakini sijaketi hapa kuandika habari ya kidole.

Nitaanza mwanzo, na nitamtaja kila mtu kwa kazi yake. Majina yao siyaweki. Wenyewe wakisoma watajijua.

Tulikaa Nairobi, mtaa wa Baba Dogo, kwenye ploti ya ghorofa tatu, sisi tukiwa chini, namba mbili. Chumba kimoja. Kitanda changu kilikuwa upande huu, na godoro la mdogo wangu lilitandikwa sakafuni jioni na kuegemezwa ukutani asubuhi. Kando ya dirisha palikuwa na meza ya jiko. Namba moja, iliyopakana na sisi ukuta kwa ukuta, haikuwa na mpangaji wa kulala. Ilikuwa stoo ya gesi. Muuza gesi alikuwa na mitungi mikubwa humo, na kazi yake ilikuwa kuipindua kichwa chini juu ya meza, kuunganisha mpira, na kujaza mitungi midogo ya watu. Ukipita ulisikia ssss, ssss, kama nyoka mwenye subira. Sisi sote tulijaza kwake. Hata mimi. Alikuwa hatua tatu kutoka mlangoni pangu, sasa ningeenda wapi?

Mimi nafua nguo za watu kule mtaa wa Fedha. Shule niliiachia darasa la tano, kwetu magharibi. Mdogo wangu alifika mbali kidogo kunishinda, na alikuwa amepata kazi ya kuchagua mboga kwenye kampuni moja ya kupeleka mboga ng'ambo, upande wa uwanja wa ndege. Yeye ndiye aliyevileta vile vitunguu nyumbani.

Si hivi vyekundu vya sokoni vinavyokutoa machozi kabla hujafika katikati. Vile vilikuwa vikubwa kama ngumi ya mwanaume, nje rangi ya maganda makavu ya mahindi, ndani vyeupe, na ukivikata hulii. Unaweza kukila kibichi kwa chumvi kama unavyokula tango. Vilivyo na umbo baya, vyenye matako mawili au shingo nene, kampuni haikuvitaka, na kila Ijumaa wafanyakazi waliruhusiwa kubeba. Mdogo wangu alikuja na mfuko umemlemea mpaka bega limeshuka.

"Dada, nimekuletea wale vilema wako."

"Waingize. Kwangu hakuna anayekataliwa."

Kitunguu kitamu hakitaki haraka. Hilo nilijifunza kwa kuunguza. Ukikipa moto mkali kinakuwa cheusi nje na ndani kinabaki na maji. Unakata vipande vyembamba, sufuria iwe nzito, mafuta kidogo, chumvi uitie mwanzoni ili kitoe maji yake, kisha unashusha moto mpaka uwe mdogo kama ukucha. Nusu saa kinalala. Saa nzima kinageuka rangi ya chai ya rangi na nyumba yote inanukia kama kuna sherehe. Sukari hutii, nyanya hutii. Hapo unatumbukiza matumbo yaliyochemshwa, au kunde zilizolainishwa kwa munyu, ile chumvi ya majivu ya kwetu. Mama yetu alikaanga vitunguu hivyo hivyo polepole kwa moto wa magunzi ya mahindi, kwa sababu moto wa gunzi ni mpole. Nairobi gunzi utatoa wapi? Makaa yana hasira. Ndiyo maana nilinunua meko, ule mtungi wa kilo sita wenye jiko juu yake. Nilitaka moto mdogo. Basi.

Ubaya wa kitunguu kitamu ni kwamba hakikai. Yale maji yanayokifanya kiwe kitamu ndiyo yanayokiozesha. Kimoja kikilegea kwenye kreti, unapata uvundo kama wa panya aliyefia ukutani, na jirani zake wanafuata. Kwa hivyo pua yangu ilikuwa imezoea. Nikisikia harufu ya kuoza chini ya kitanda, nilipoweka kreti, sikujiuliza mara mbili. Nilipiga magoti, nikatafuta mgonjwa, nikamtoa.

Harufu hii nayo ilianza hivyo hivyo. Ilikuwa chini, sakafuni, kama zile za siku zote.

"Dada, kuna mmoja amekufa humu," mdogo wangu aliniambia asubuhi moja akikunja shuka. "Na amekufa karibu na kichwa changu."

Nilitoa kreti, nikabonyeza kimoja kimoja. Nikapata kimoja kimelegea shingoni. Nikakitupa. Siku ile harufu ikaisha kabisa, tukacheka, tukasema tumemzika marehemu.

Siku ile ilikuwa Jumapili. Jumapili stoo ya gesi ilifungwa. Hilo sikulitia hesabuni.

Jumatatu ikarudi. Nikatafuta tena, sikupata kitu. Mdogo wangu akaanza kuamka na kichwa kizito. Alikuwa akiketi kwenye godoro ameshika paji la uso, anasema anahisi kama amebebwa kwenye gari mbovu safari ndefu. Mimi niliyelala kitandani sikuumwa. Nilimwambia ni uchovu wa kazi, aache kusimama siku nzima bila kula. Hivyo ndivyo nilivyomwambia.

Jirani wetu wa ghorofa ya kwanza, mama mmoja wa Ukambani ambaye mumewe huchonga vinyago, alishuka akasimama mlangoni, pua juu.

"Wewe mama, hiki si kitunguu. Hii ni gesi."

"Yangu haivuji."

"Umepima?"

Tulipima pamoja. Tulikoroga sabuni, tukapaka povu kwenye shingo ya mtungi wangu na chini ya jiko. Hakuna hata kiputo kimoja kilichovimba. Mtungi wangu ulikuwa mzima. Nikaona nimeshinda. Sikujua kwamba nilikuwa nimepima nyumba isiyo na makosa.

Hata hivyo nilienda kwa muuza gesi. Nataka ijulikane kwamba nilienda. Nilimkuta amekalia mtungi, anakula mandazi, mpira unapiga ssss nyuma yake.

"Kijana, hapa hakuna mahali panapovuja? Kwangu kunanuka."

"Mathe, niaje," akanisalimu. "Kunanuka nini?"

"Kama kitunguu kilichooza."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa gesi yenyewe inanuka hivyo hivyo, mathe! Waliitia hiyo harufu makusudi. Inanuka kitunguu kilichooza. Na katika ploti hii nzima, nani anafuga vitunguu chini ya kitanda? Mimi ama wewe?"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakacheka pamoja naye.

"Usiniharibie biashara," akaniambia, sasa hacheki. "Ukienda kusema maneno hayo huko nje, tutakosana."

Nikarudi nyumbani na aibu yangu. Aliniambia ukweli usoni, mchana kweupe, na alivyoufunga ndani ya dharau nikaubeba kama tusi.

Jioni hiyo msimamizi wa ploti aliandika kwenye grupu ya wapangaji kwa simu. Maneno yake nayajua kwa moyo: "Mama wa namba mbili toa vitunguu vyako. Watu wanalalamika harufu ploti nzima. Usafi ni lazima." Chini yake watu wakaweka vichwa vya kucheka. Kuanzia siku ile nikawa Mama Uvundo. Nikipita ngazini wasichana wanaziba pua. Mtu anayefua nguo za watu, mtu anayeishi kwa sabuni, kuitwa uvundo! Msiniulize kwa nini sikuenda polisi. Nilikuwa nimeshikwa na kazi ya kusafisha jina langu.

Nilienda soko la Gikomba nikatafuta zile soksi ndefu za wanawake, za mitumba, zilizotoboka. Unatumbukiza kitunguu, unafunga fundo, unatumbukiza kingine, fundo, mpaka mguu wa soksi unajaa, halafu unautundika kwenye msumari juu. Kitunguu kinapata hewa na hakimgusi mwenzake. Nilitundika soksi nne. Nyumba ikaonekana kama mtu ametundika miguu ya maiti.

Mdogo wangu aliziangalia akasema, "Dada, mgeni akija tumwambie hawa ni wapangaji waliochelewesha kodi."

Vitunguu vyote vilikuwa juu. Harufu ikabaki chini. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo. Mimi nilichukua ndoo nikapiga deki, kwa sababu msimamizi alisema maji ya vitunguu vya zamani yameingia kwenye saruji. Nilipiga deki kila siku. Niliinama na uso wangu karibu na sakafu, nikasugua.

Sasa nakuja kwenye siku ya mkaguzi.

Ilikuwa Jumatano, sikuwa na kazi Fedha. Asubuhi msimamizi alibisha, uso umejaa tabasamu, na mkononi ana mfuko wa matumbo.

"Mama, usinikasirikie kwa mambo ya grupu. Unajua kazi yangu. Leo tuna mgeni mkubwa. Nataka apike mtu anayejua kupika."

"Mgeni gani?"

"Wa ofisi. Mambo ya majengo tu. Anza saa nne. Kaanga vile vitunguu vyako, kaanga vingi, na uache mlango wazi. Nataka akiingia getini akute harufu ya chakula."

Nilifurahi. Naliandika hili lilivyo: nilifurahi. Niliona nimesamehewa. Niliosha sufuria mbili, nikashusha soksi moja nzima, nikakaanga vitunguu mpaka saa sita. Mdogo wangu alikuwa zamu ya mchana, kwa hivyo alinisaidia kukata. Namba moja ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Alfajiri nilikuwa nimemwona muuza gesi na mkokoteni akihamisha mitungi, na milango na madirisha ya stoo yalikuwa yameachwa wazi mpaka jua lilipopanda. Na siku hiyo mdogo wangu hakuamka na kichwa kizito. Vitu hivi vyote niliviona kwa macho haya.

Mkaguzi alikuja na faili. Mwenye nyumba naye alikuja, mtu ambaye mwaka mzima hatumwoni, akaegesha gari lake kubwa getini. Walizunguka kidogo tu. Mkaguzi aliposimama mbele ya namba moja aliinua pua.

"Kama kuna harufu hapa."

"Ni huyu mama, mkubwa," msimamizi akasema haraka. "Yeye na vitunguu vyake. Ploti nzima inamjua. Njoo uonje, utamsamehe."

Na mimi, mjinga, nikasema, "Karibuni, karibuni, chakula ki tayari."

Mkaguzi alikula kwenye kiti changu. Mwenye nyumba alikula amesimama, akishikilia tai yake isiguse sahani.

"Mama, hapa umetia nini?" mkaguzi akaniuliza. "Hata hotelini sijala hivi."

"Hakuna kitu, mkubwa. Ni moto mdogo na subira."

Wakacheka. Akaongezwa. Kisha akafungua faili juu ya meza yangu, kando ya meko yangu, akaandika, akatia sahihi. Mafuta ya kitunguu yalidondoka kwenye karatasi, akayapangusa kwa kidole. Kufuli la namba moja halikufunguliwa. Nilikuwa hapo. Halikufunguliwa.

Walipoondoka mdogo wangu alininong'oneza, "Dada, mbona leo tumeheshimiwa hivi?"

"Chakula kizuri kinafungua moyo wa mtu," nikamjibu.

Alhamisi asubuhi mkokoteni ulirudi na mitungi. Ilikuwa mingi kuliko ile iliyoondoka.

Jumamosi mdogo wangu alikuwa nyumbani. Harufu ilikuwa kali, lakini ilikuwa imekaa nasi siku nyingi mno, hatukuipima tena ukali wake. Nikasema leo namaliza. Nilishusha soksi zote tatu zilizobaki, nikakata mafundo kwa makasi, nikabeba vitunguu vyote kwa beseni mpaka mferejini, na kisu. Nitavipasua vyote, nikasema, kimoja kimoja, mpaka nimpate mwenye makosa. Mdogo wangu akaja na bakuli kubeba vipande.

"Hivi ni vizima?"

"Vizima. Kata vyembamba, uanze kukaanga. Nakuja."

Mimi ndiye niliyesema uanze. Hakuna polisi aliyeniuliza hilo, hakuna mwandishi wa habari aliyeniuliza. Naliweka hapa mwenyewe, ili mtu asije akasema nimetaja makosa ya wengine nikameza langu.

Nilipasua. Kizima. Kizima. Kingine kizima. Nilipofika cha mwisho nikaanza kuogopa, na sikujua naogopa nini. Harufu ilikuwa ndani ya nyumba na vitunguu vyote vilikuwa hapa nje na mimi. Nilikiinua, nikakinusa. Yaliyofuata nimeshayasema.

Pale mferejini aliponiuliza kama nimekipata, nilikuwa nahangaika na lile dera. Aliniuliza tena hospitali, siku ya pili, mdomo ukiwa umevimba, ikabidi niiname kumsikia. Nikamwambia, "Nimekipata. Kilikuwa kimoja tu. Nimekitupa." Akatulia. Siku ya tatu akafa. Kwa hivyo mdogo wangu amezikwa kwetu akiamini kwamba kilikuwa kitunguu, na mimi ndiye niliyemwaminisha.

Kabla hatujamsafirisha, mwenye nyumba alikuwa ameshasema kwa watu wa habari kwamba moto ulianzia namba mbili, kwa mama mmoja aliyekuwa akipika bila uangalifu. Msimamizi alisema hivyo hivyo kituoni. Na kwenye faili ya mkaguzi, nimesomewa na mtu anayejua kusoma barua za ofisi, namba moja ni stoo ya bidhaa za kawaida. Bidhaa za kawaida! Jirani yangu wa Ukambani aliwaona wazima moto wakitoa mitungi humo, myeusi, imepasuka kama mapapai. Mtungi wangu ulitolewa mzima, shingo yake haijaguswa, gesi yake ingali ndani.

Sasa naishi ploti nyingine, juu kabisa, na napikia makaa. Vitunguu vitamu sijavipika tena. Nimeenda ofisini kwa mkaguzi mara nyingi mpaka askari wa mlangoni ananiita mama kwa upole, halafu ananiambia yuko mkutanoni. Nimesimama kwenye geti la mwenye nyumba mpaka mbwa wamenizoea. Muuza gesi amefungua stoo nyingine, si mbali, na ghorofa za juu yake wanalala watu. Msimamizi bado anakusanya kodi.

Lakini ule ujumbe wa grupu upo. Simu yangu iliungua, ya jirani yangu haikuungua. Ndani yake msimamizi ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba watu wanalalamika harufu ploti nzima, siku kumi na mbili kabla ya Jumamosi ile. Kwa hivyo harufu mliijua. Mliijua mpaka mkatafuta mtu wa kuifunika, mkamletea matumbo.

Msimamizi, wewe ndiye uliyebisha mlangoni pangu Jumatano ile. Sikuulizi habari ya mitungi, hiyo aulizwe mwenye mitungi. Nakuuliza hili moja, na nitaliuliza kituoni, na mahakamani nikifika, na mlangoni pako kila Jumamosi mpaka unijibu mbele ya watu: nani alikuambia unipe kazi ya kupika? Mwenye nyumba, ama mkaguzi mwenyewe? Mtaje.